Mbuyu Mgonjwa Uwanjani: Ukatwe au Uachwe?

Anayepita Gulwe kwa treni mwezi Agosti anaweza kudhani kwamba mibuyu yote imekufa. Vigogo ni vitupu, havina hata jani moja, na ardhi chini yake ni kavu. Wenyeji wanajua kwamba mbuyu hupukutisha majani wakati wa kiangazi na kuchipua tena mvua zinapokaribia. Tunaanza na jambo hili kwa sababu uamuzi mbaya kuhusu mti mgonjwa mara nyingi hufanyika kiangazi, mti ukiwa hauna majani ya kuutetea.

Swali lililotufikia linatoka kwa kamati moja ya parokia. Katika uwanja wa kanisa kuna mbuyu mkubwa. Watoto hufundishwa katekisimu chini yake, na kina mama wa vikoba hukutania hapo kila wiki. Mwaka huu gome limeanza kutoa majimaji yanayogeuka kuwa meusi kama masizi, na tawi moja kubwa lilianguka usiku pasipo upepo. Nusu ya wajumbe wanataka mti ukatwe kabla ya Kipaimara. Nusu nyingine wanasema mti huo ulikuwepo kabla ya kanisa, na kwamba wazee wa kijiji hawatakubali. Wapo pia wanaouliza kama sheria inaruhusu. Yote matatu ni maswali ya haki, lakini yasijibiwe kwa mkupuo mmoja.

Tuanze na mti wenyewe. Mbuyu si mti wa mbao. Ndani yake ni laini, una nyuzinyuzi na umejaa maji mengi. Kwa hiyo kuwa na uwazi katikati si dalili ya ugonjwa. Mibuyu mingi yenye afya ina uwazi mkubwa tangu zamani. Wala kuchunwa gome kwa ajili ya kamba hakuuui kwa urahisi, kwa kuwa mbuyu una uwezo wa kurudisha gome lake, jambo ambalo mwembe au mkwaju hauwezi kulifanya kwa kiasi hicho. Weusi unaofanana na masizi nao ni ukungu unaoota juu ya utomvu uliovuja. Ukungu huo peke yake si muuaji, ila unaonyesha kwamba mti umepata shida, mara nyingi ya ukame.

Dalili za kuogopwa ni nyingine. Bonyeza kigogo kwa kiganja, kisha kwa ncha ya fimbo, ukianzia chini karibu na mizizi. Mahali panapobonyea kama sifongo, panapotoa harufu ya kuoza au panapovuja majimaji ya kahawia pana hatari, kwa sababu mbuyu unapokufa hauanguki kama mti wa kawaida. Huporomoka wenyewe na kuwa rundo la nyuzi, wakati mwingine katika muda mfupi sana. Tazama pia kama kuna ufa mpya unaoshuka kutoka kwenye maungio ya matawi, kama udongo umeinuka upande mmoja wa shina, na kama mti umeinama zaidi kuliko mwaka jana. Picha iliyopigwa kutoka mahali palepale kila baada ya miezi mitatu itamaliza ubishi mwingi kwenye kikao.

Baadhi ya wasomaji watauliza kama kuna ugonjwa unaoenea. Mwaka 2018 watafiti walichapisha taarifa kwamba kati ya mibuyu 13 mikongwe kuliko yote iliyojulikana barani Afrika, 9 ilikuwa imekufa au sehemu zake kongwe zimeporomoka tangu mwaka 2005. Mmojawapo, wa Panke nchini Zimbabwe, ulikadiriwa kuwa na umri wa miaka ipatayo 2,450. Mibuyu hiyo ilikuwa kusini mwa Afrika, na watafiti walihisi kwamba mabadiliko ya tabianchi yamechangia. Hawakukuta dalili za ugonjwa wa mlipuko. Hatuna sababu ya kutangaza janga Gulwe, lakini ipo sababu ya kuchunguza.

Kwa miti mingine ya uwanjani, kama mwembe, mjohoro au mwarobaini, kipimo ni tofauti. Uyoga mgumu unaoota kwenye shina au juu ya mizizi maana yake ndani kumeoza. Gonga shina kwa nyundo ya mbao kuzunguka pande zote. Mlio wa ngoma huonyesha uwazi. Wataalamu wa miti hutumia kanuni kwamba ukuta uliobaki mzima usipungue theluthi moja hivi ya nusu kipenyo. Shina ambalo nusu kipenyo chake ni sentimita 45 linahitaji ukuta mzima wa sentimita 15 hivi. Kanuni hii isitumike kwa mbuyu. Na miti iliyo kando ya Mto Kinyasungwe ina adui mwingine kabisa. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, yaliyoharibu reli kati ya Kilosa na Gulwe, yaliwakumbusha wote jinsi mto huo unavyokula kingo zake. Mkuyu wenye afya njema unaweza kuanguka kwa sababu mizizi ya upande mmoja imebaki hewani.

Baada ya kuutazama mti, tazameni kilicho chini yake. Mti uliooza porini unaweza kuachwa uanguke kwa wakati wake. Mti uleule juu ya mabenchi ya watoto ni hatari. Hapo ndipo kamati nyingi husahau njia iliyo rahisi kuliko zote: kuhamisha watu. Pimeni urefu wa mti, ongezeni nusu yake, na mzungushie uzio wa miiba umbali huo. Mti wa mita 12 unahitaji mita 18. Kazi hii haihitaji kibali wala mfadhili, na inaweza kufanyika Jumamosi moja. Kwa maoni yetu, kamati iliyotuandikia ingefanya hivyo kwanza, kabla ya kikao kingine chochote. Watoto wakafundishiwe mahali pengine hadi Januari, mti utakapoonyesha kama unachipua matawi yote au upande mmoja tu.

Sasa sheria. Swali la kwanza ni ardhi ni ya nani. Mara nyingi ardhi ya kanisa imeandikishwa kwa jina la bodi ya wadhamini waliosajiliwa, si kwa jina la parokia. Kamati ya parokia ni msimamizi. Haina mamlaka ya kukata mti mkubwa bila idhini ya maandishi. Kama uwanja hauna hati na uko katika ardhi ya kijiji, basi Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaiweka chini ya halmashauri ya kijiji, na mazungumzo yaanzie kwa Mwenyekiti na Afisa Mtendaji.

Swali la pili ni mti wa aina gani. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inampa Waziri uwezo wa kutangaza miti fulani kuwa ya hifadhi hata ikiwa nje ya msitu wa hifadhi, na miti hiyo haikatwi bila kibali. Mninga na mpingo ndiyo inayofahamika zaidi. Msikisie. Pelekeni jina la mti na picha kwa Afisa Misitu wa Wilaya pale Mpwapwa au kwa ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu, na ombeni jibu la maandishi. Ulizeni pia sheria ndogo za kijiji na za halmashauri ya wilaya, maana wakati mwingine hizo ni kali kuliko sheria ya nchi. Kama mti uko ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 nayo inahusika. Ulio katika eneo la reli ni wa Shirika la Reli, na unaogusa nyaya za umeme usiguswe na mtu yeyote kabla ya kuwaita TANESCO.

Kumbukeni kwamba ugonjwa hauondoi ulinzi wa sheria, na ulinzi wa sheria hauondoi wajibu. Mwenye eneo aliyejua hatari na akanyamaza anaweza kudaiwa fidia mtu akiumia. Ndiyo sababu tunasisitiza maandishi: tarehe ya ukaguzi, dalili zilizoonekana, barua iliyopelekwa na siku uzio ulipowekwa.

Kuhusu wazee, wasiitwe baada ya uamuzi. Ugogoni mibuyu mingine ina historia ya matambiko ya mvua, na kanisa halipotezi kitu kwa kusikiliza. Nchini Kenya, Novemba 2020, mugumo wa Waiyaki Way jijini Nairobi ulinusurika kukatwa kupisha barabara mpya kwa amri ya Rais, baada ya wananchi kupaza sauti. Ule ulikuwa mzima; wenu huenda usiwe hivyo, lakini hisia za watu ni zilezile.

Ikithibitika kwamba sehemu tu imeoza, pogoeni matawi yaliyokufa, na kila tawi likatwe kwanza kutoka chini ili lisipasue gome linapoanguka. Msijaze shimo kwa saruji kama ilivyofanyika zamani. Hushikilia unyevu na kuozesha zaidi. Ikithibitika kwamba shina limekwisha, ombeni kibali, tafuteni fundi mwenye uzoefu, na kusanyeni ubuyu mapema. Mwembe wa Ujiji, ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871, ulikufa zamani, lakini miembe iliyotokana nao imesimama mahali hapo. Mbegu za mbuyu zilowekwe katika maji ya moto usiku kucha kabla ya kupandwa, na mche uzungushiwe miiba tangu siku ya kwanza, maana mbuzi wa Gulwe hawana subira.