Sura ya Wanawake Wapendanao katika Vyombo vya Habari na Mjadala wa Kumbi za Wanawake Peke Yao

Utangulizi

Ukumbi uliotengwa kwa ajili ya wanawake peke yao si jambo geni kwa mkazi wa Pwani ya Afrika Mashariki. Vyama vya lelemama vya Mombasa, ambavyo historia yake ilichunguzwa na Margaret Strobel katika kitabu kilichotoka mwaka 1979, viliwapa wanawake uongozi, mashindano na mahali pa kusemea mambo yao. Hata hivyo, ukumbi wa namna hii unapoingia katika kurasa za gazeti au katika filamu, swali linaloulizwa mara nyingi ni moja: wanawake hao wanafanya nini huko ndani?

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi swali hilo lilivyojibiwa nchini Uingereza kuanzia mwaka 1921, na jinsi jibu lilivyotegemea sura waliyopewa wanawake wapendao wanawake wenzao. Uingereza imechaguliwa kwa kuwa mifano yake ni dhahiri, na kwa kuwa baadhi ya desturi zake za udhibiti ziliingia Kenya pamoja na utawala wa kikoloni. Mwishoni yatatazamwa maneno ambayo Kiswahili kinayatumia kwa jambo hili.

Kimya na Kelele

Sheria ya Uingereza iliwaadhibu wanaume waliofanya mapenzi na wanaume, lakini haikuwataja wanawake. Mwaka 1921 Baraza la Chini la Bunge lilipitisha pendekezo la kuwatia wanawake katika sheria hiyo, na Baraza la Malodi likalikataa. Yafaa ieleweke kwamba Malodi hawakulikataa kwa kuwahurumia wanawake. Hoja yao kuu ilikuwa kwamba wanawake walio wengi hawajapata kulisikia jambo hilo, na kwamba kulitaja katika sheria kungekuwa ni kuwafunza. Kimya, basi, kilionekana kuwa ni udhibiti ulio bora kuliko kifungo.

Kimya hicho kilivunjwa mwaka 1928, Radclyffe Hall alipotoa riwaya yake The Well of Loneliness. James Douglas, mhariri wa gazeti la Sunday Express, aliandika kwamba ni heri kumpa kijana mwenye afya sumu kuliko kumpa riwaya hiyo. Mwezi Novemba mwaka huo hakimu wa London aliamuru nakala zake ziteketezwe. Lakini kelele za gazeti zilifanya lile lile ambalo Malodi walilihofu: wasomaji ambao wasingalikisikia kitabu hicho walikisikia. Hapa ndipo inapoonekana tabia ya kwanza ya vyombo vya habari katika suala hili. Vilimtoa mwanamke wa aina hii gizani kwa kusudi la kumhukumu, si la kumweleza.

Klabu na Filamu

Mfano ulio mwingi wa mafunzo ni ule wa klabu ya Gateways, iliyokuwa katika chumba cha chini ya ardhi mtaani Chelsea, London. Ilifunguliwa mwaka 1931, ikapokea wateja wa kila namna, na hatimaye mwaka 1967 ikawa ya wanawake peke yao. Thamani yake ilikuwa katika kutoonekana. Mwalimu, muuguzi au karani ambaye angepoteza kazi kama siri yake ingejulikana, aliweza kucheza dansi huko bila kuogopa.

Mwaka 1968 kamera ziliingia humo. Mwelekezi wa Kimarekani, Robert Aldrich, alikuwa akitengeneza filamu ya The Killing of Sister George kutokana na mchezo wa kuigiza wa Frank Marcus, na sehemu moja ikapigwa ndani ya klabu hiyo, wateja wenyewe wakishiriki. Waliokubali walijua kwamba nyuso zao zingeonekana katika kumbi za sinema za nchi nzima.

Wahusika wakuu wa filamu hiyo ni watatu. June Buckridge ni mwigizaji wa televisheni aliye mlevi na mkali, ambaye hufurahia kumdhalilisha mwenzake. Childie, mwenzake huyo, ni mwanamke mzima aishiye na wanasesere kama mtoto. Mercy Croft ni mkubwa wa shirika la utangazaji, mwenye adabu za nje na makucha ya ndani, ambaye anamfukuzisha June kazi na kumnyang'anya mwenziwe. Mkali, mtoto na mwindaji: hizi ndizo sura tatu ambazo filamu za miaka ile ziliwapa wanawake wapendanao, na hapa zimekusanywa pamoja. Mwisho wa June ni kuachwa peke yake, akiwa ameahidiwa kazi ya kutoa sauti ya ng'ombe katika kipindi cha watoto. Katika The Children's Hour, filamu ya William Wyler ya mwaka 1961, mwanamke anayekiri kumpenda mwenzake hujinyonga. Kwa muda mrefu hadithi za namna hii zilikuwa na miisho miwili tu, kifo au upweke.

Jambo la kushangaza ni kwamba ile sehemu iliyopigwa Gateways haifuati mkondo huo. Wanawake wanaonekana wakicheza, wakinywa na kuzungumza kama watu wowote walio katika starehe zao. Kwa dakika chache filamu inaacha kutunga na inarekodi tu. Tofauti hii yatosha kuthibitisha kwamba sura zile tatu hazikutoka katika klabu. Zilitoka katika kalamu.

Greenham Common

Kama Gateways ilikuwa ukumbi wa siri, kambi ya Greenham Common ilikuwa ukumbi wa hadharani. Mwezi Agosti mwaka 1981 kikundi cha wanawake kiliondoka Cardiff kwa miguu kwenda kupinga kuwekwa kwa makombora ya nyuklia ya Marekani katika kituo cha kijeshi cha Berkshire. Walipofika mwezi Septemba walipiga kambi, na mwaka 1982 waliamua kuwa itakuwa ya wanawake peke yao. Sababu walizotoa zilikuwa za kiutendaji: palipokuwa na wanaume, wanaume ndio waliohojiwa na waandishi na ndio walioongoza mikutano, na mapambano na askari yaligeuka kuwa ya nguvu. Mwezi Desemba mwaka huo wanawake wapatao 30,000 walishikana mikono kuuzunguka uzio wa kituo.

Magazeti mengi hayakuzijadili sababu hizo. Yaliandika juu ya uchafu wa kambi, juu ya watoto walioachwa nyumbani, na juu ya wanawake waliopendana wao kwa wao. Ni kweli kwamba wanawake wa namna hiyo walikuwako kambini, kama walivyokuwako wake za watu, wanafunzi na akina bibi. Lakini katika lugha ya magazeti hayo sifa ya wachache ilifanywa kuwa jina la wote, ili hoja ya makombora isisikilizwe. Hii ndiyo tabia ya pili: neno linalomtaja mwanamke apendaye mwanamke liligeuzwa fimbo ya kumpiga mwanamke yeyote aliyejitenga na wanaume kwa hiari yake. Makombora ya mwisho yaliondolewa mwaka 1991 kufuatia mkataba wa mwaka 1987 kati ya Marekani na Urusi ya Kisovieti. Kambi yenyewe iliendelea hadi mwaka 2000.

Mjadala wa Ndani

Ingekuwa kosa kudhani kwamba ubishi wote ulitoka nje. Gateways ilifungwa mwaka 1985, na baada yake swali lilibadilika: mwanamke ni nani, na nani ana haki ya kupita mlangoni? Huko Marekani tamasha la muziki la Michigan, lililoanza mwaka 1976, lilitaka wahudhuriaji wawe wanawake wa kuzaliwa. Mwaka 1991 mwanamke mmoja aliyebadili jinsia alitolewa humo, na ubishi ulioanza hapo ulidumu hadi tamasha lilipofanyika mara ya mwisho mwaka 2015.

Mwezi Aprili mwaka 2025 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba neno mwanamke katika Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 lina maana ya jinsia ya kimaumbile, huku ikisisitiza kwamba waliobadili jinsia wanaendelea kulindwa na sheria hiyo hiyo. Vyama kadhaa vya wanawake wapendao wanawake vilikuwa vimeiomba mahakama iamue hivyo, vikidai kwamba bila ya maana hiyo visingeweza kuwa na ukumbi wao. Wengine wa kundi hilo hilo waliupinga uamuzi, wakisema kwamba kuwakagua watu mlangoni ni dhuluma waliyowahi kutendewa wao wenyewe. Vyombo vya habari, kwa kawaida yao, viliwaonyesha kana kwamba wana kauli moja.

Maneno ya Kiswahili

Msemaji wa Kiswahili anapoieleza habari hii hukutana na ufinyu wa msamiati. Neno la kawaida ni msagaji, kutokana na kitenzi saga. Kiarabu nacho kina neno litokanalo na mzizi wenye maana ya kusaga au kuponda. Neno hili linataja tendo. Halitaji mapenzi wala maisha ya mtu. Gazeti linaloliandika katika kichwa cha habari limekwisha kuhukumu kabla ya kueleza. Neno shoga, kwa upande wake, lilikuwa na bado lina maana ya rafiki wa kike wa mwanamke. Lakini magazeti yameliendesha mno katika maana ya mwanamume apendaye wanaume, hata mwanamke wa leo husita kulitumia mbele ya wageni.

Kwa hiyo si ajabu kwamba filamu ya Wanuri Kahiu, iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2018, iliitwa Rafiki, neno lisilo na tendo wala hukumu. Filamu hiyo ilipigwa marufuku Kenya mwaka huo, kwa kutumia sheria iliyotungwa kabla ya uhuru. Kwa maelezo ya mwelekezi, wadhibiti walikuwa wametaka mwisho wake ubadilishwe kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Waliyoyataka hayakutofautiana na mwisho wa June Buckridge.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba vyombo vya habari vilipita katika hatua tatu: kunyamaza, kuhukumu, na kuwafanya wengi kuwa mmoja. Katika kila hatua ukumbi wa wanawake ulielezwa na waliokuwa nje yake. Kwa wanaisimu na watunga kamusi kazi iliyopo ni mahsusi. Kamusi inapaswa kuonyesha kwamba msagaji ni neno la kejeli katika matumizi mengi, itofautishe maana mbili za shoga, na itoe mifano ya maneno ambayo wahusika wenyewe huyatumia. Mwandishi wa habari na mfasiri wa mahakamani wataendelea kulitafuta neno kila kesi inapotokea, na watalichukua lile watakalolikuta.