Kukoroma Kunakoendelea Chini ya Mashine ya CPAP: Utaratibu wa Kukagua Njia ya Hewa katika Mazingira ya Kibondo na Kasulu

Ikisiri

Makala hii inaeleza kwa nini mgonjwa wa kukatika pumzi usingizini huweza kuendelea kukoroma ilhali anatumia mashine ya CPAP, na inapendekeza utaratibu wa kuchunguza hali hiyo nyumbani katika wilaya za Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma. Hoja kuu ni kwamba kukoroma huko ni dalili kuwa hewa haifiki kooni kwa shinikizo linalohitajika. Kwa hiyo, njia nzima ya hewa inapaswa kukaguliwa kabla ya kubadili kiwango cha shinikizo.

1.0 Utangulizi

Mtu anapolala, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu, njia ya hewa husinyaa hadi kuta zake zikatikisika, na hapo ndipo kukoroma hutokea. Kwa wengine, njia hiyo huziba kwa sekunde 10 au zaidi, kisha mgonjwa hushtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu. Matukio ya hewa kukatika au kupungua sana yakifikia 5 kwa saa, huanza kuhesabiwa kuwa si ya kawaida. Yakifikia 30, hali huitwa kali. Mwaka 1981, Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, Australia, walionesha kwamba hewa inayosukumwa puani mfululizo huweza kuliweka koo wazi. Mashine zinazotumika leo hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, kwa kawaida kati ya shinikizo la sentimita 4 na 20 za maji.

Upimaji wa usingizi na upangaji wa shinikizo ni kazi ya wataalamu wa hospitali kubwa. Njia ya rufaa kutoka Kibondo huelekea Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, mjini Kigoma, na zaidi ya hapo Bugando jijini Mwanza au Muhimbili jijini Dar es Salaam. Mgonjwa anaporejea nyumbani na mashine yake, mtaalamu hubaki mbali. Mtu wa kwanza kutambua hitilafu huwa mwenzi wa ndoa au ndugu anayelala chumba kimoja naye. Akikosa maelezo, mgonjwa huweza kuamini kwamba mashine haifai, akaiacha, na kurudia usingizi wa mchana unaomhatarisha anapoendesha pikipiki au gari.

2.0 Kutofautisha sauti

Si kila sauti ya usiku ni kukoroma. Mluzi au mfoko unaosikika usoni huashiria hewa inayovuja pembeni mwa barakoa. Mgugumio ndani ya bomba huashiria maji. Katika usiku wa baridi wa kiangazi, hasa Juni na Julai, mvuke kutoka tangi la unyevu hupoa ndani ya bomba na kugeuka matone. Tiba yake ni kupunguza kiwango cha unyevu, kuweka mashine chini ya usawa wa kitanda, na kulipitisha bomba ndani ya blanketi. Sauti inayotoka kooni, hasa ikifuatiwa na kimya kisha mshtuko wa pumzi, ndiyo kukoroma kunakohitaji uchunguzi ufuatao.

3.0 Kutoka mashine hadi barakoa

Ukaguzi uanzie mahali mashine inapovutia hewa. Vumbi la kiangazi na moshi wa kuni huziba chujio mapema kuliko muda uliotajwa katika kijitabu cha mtengenezaji. Chujio lililogeuka rangi libadilishwe, au lioshwe ikiwa ni la aina inayooshwa. Mashine isiegemezwe ukutani wala kufunikwa na nguo.

Hatua ya pili ni bomba. Katika eneo lenye malaria, mgonjwa hulala ndani ya chandarua, na bomba linapopita chini ya ukingo wake huweza kukunjwa au kubanwa na godoro. Bomba lipitishwe upande wa kichwani bila kona kali, na chandarua kichomekwe pande zake zote bila kulibana.

Hatua ya tatu ni barakoa. Barakoa zina matundu maalumu ya kutolea hewa chafu. Matundu hayo hayapaswi kuzibwa kwa dhana kwamba yanavujisha. Uvujaji unaodhuru ni ule wa pembezoni. Mtengenezaji ResMed, kwa mfano, huchukulia uvujaji unaozidi lita 24 kwa dakika kuwa mkubwa. Kukaza mikanda kupita kiasi hupotosha mto wa barakoa na mara nyingine huongeza uvujaji. Mikanda irekebishwe mgonjwa akiwa amelala na mashine ikiwa imewashwa.

4.0 Pua na kinywa

Mgonjwa anayetumia barakoa ya pua akiacha kinywa wazi, hewa hutokea kinywani na shinikizo la kooni hushuka. Dalili yake ni kuamka na kinywa kikavu. Mara nyingi chanzo ni pua iliyoziba kwa mafua, mzio, vumbi au moshi, hivyo pua itibiwe kabla ya kufikiria barakoa inayofunika pua na kinywa. Tangi la unyevu husaidia, lakini maji yake yabadilishwe kila siku. Watengenezaji hupendekeza maji yaliyokenekwa. Yasipopatikana, yaliyochemshwa na kupozwa ni nafuu kuliko ya bomba. Maji ya betri yasitumiwe, kwa kuwa huweza kuchanganywa na tindikali ya betri. Pombe kabla ya kulala na kulala chali pia hulegeza au kubana koo kuliko ilivyokuwa siku ya kipimo.

5.0 Mwinuko

Sehemu kubwa ya Kibondo na Kasulu iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya angahewa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 12 ikilinganishwa na pwani. Mashine nyingi za sasa hupima shinikizo na kujirekebisha. Baadhi ya mashine za zamani huhitaji kuwekewa kiwango cha mwinuko kwa mkono. Mashine ya aina hiyo iliyopangwa Dar es Salaam huweza kutoa shinikizo pungufu ikifika Kibondo, na kukoroma kukarejea bila kitu chochote kuharibika. Kwa hiyo, ni muhimu kuuliza iwapo kukoroma kulianza baada ya safari ya kurudi nyumbani.

6.0 Umeme na mashine zilizotumika

Bila kuwasha tangi la unyevu, mashine nyingi hutumia takriban wati 30 hadi 60, yaani watisaa 240 hadi 480 kwa saa nane. Betri ya volti 12 na ampeasaa 100, ikitumiwa nusu ili isiharibike, hutoa takriban watisaa 600, zinazotosha usiku mmoja. Iungwe kwa kifaa kilichoidhinishwa kwa mashine husika. Umeme ukikatika na betri haipo, barakoa ivuliwe.

Mashine ya msaada au iliyokwishatumika huweza kubaki na kiwango cha shinikizo cha mmiliki wa awali. Vilevile, Juni 2021 Philips ilitangaza kurejesha aina kadhaa za mashine zake kwa sababu sponji ya kupunguza sauti iliweza kumomonyoka na kuingia katika hewa. Aina na namba ya mashine zihakikiwe kabla ya matumizi.

7.0 Hitimisho

Kukoroma kukiendelea baada ya chujio, bomba, barakoa, pua na mwinuko kukaguliwa, hapo ndipo kuna sababu ya kuamini kuwa shinikizo lililopangwa halitoshi. Uamuzi wa kulibadili ni wa daktari, kwa kuwa shinikizo kubwa juu ya barakoa inayovuja huongeza uvujaji, na kwa baadhi ya wagonjwa huweza kuzusha ukatikaji wa pumzi wa aina nyingine. Maelezo ya aliyelala karibu na mgonjwa, yakiandikwa usiku kwa usiku pamoja na hatua zilizochukuliwa, humpa daktari aliye mbali msingi wa kuamua, hata kabla mgonjwa hajasafiri tena.