Zima Maiki Buda! Hivi Ndivyo Unafaa Kuongea kwa Racing ya Online Bila Kuchoma Picha

Kama umekulia Eastlands, unajua mathree huongea. Dere akiwa Jogoo Road aone mwenzake anamulika taa akitoka upande ule mwingine, hangoji kupigiwa simu: karao wako hapo mbele. Makanga akigonga bodi, gari inasimama ama inang'oa. Hakuna stori ndefu. Signal ni fupi, inakuja mapema, na kila mtu barabarani anaielewa.

Hiyo akili ndiyo unafaa kubeba ukiingia online kwa Gran Turismo 7, iRacing ama Assetto Corsa. Kwa PS ya mtaa, iwe Umoja, Kayole ama Donholm, mpinzani wako amekaa kando yako na ukimgonga anakukazia macho hapo hapo. Online, msee unayeshindana naye anaweza kuwa Ujerumani ama Brazil. Hakuoni. Anachojua kukuhusu ni vile gari yako inasonga na chenye unasema kwa maiki. Hiyo maiki inaweza kukuokoa kwa kona, na pia inaweza kukutoa kwa ramani.

Gari unayoona haiko pale unadhani

Anza na pingi. Huu ni muda ambao data inachukua kutoka kwa mashini yako hadi kwa seva na kurudi. Seva nyingi za hizi gemu ziko ng'ambo, kwa hivyo ukiwa Nairobi si ajabu kupata pingi ya milisekunde 150.

Inakaa kitu kidogo, lakini piga hesabu. Gari ikienda kilomita 200 kwa saa, inakula zaidi ya mita 55 kila sekunde. Kwa milisekunde 150 imesonga karibu mita 8, yaani karibu urefu wa magari mawili. Kujaza hiyo pengo, gemu inakisia gari ya mwenzako imefika wapi. Ikikosea, mnagongana hata kama kwa skrini yako nafasi ilikuwepo.

Sauti pia inachelewa. Ukisema kitu mkiwa katikati ya kona, jamaa anakuskia akiwa ashamaliza hiyo kona. Ndio maana wale wamezoea husema mambo yao kwenye barabara iliyonyooka, kabla ya kufika mahali pa kukanyaga breki. Ndani ya kona ni kimya. Raundi ya kwanza, wakati magari yamebanana kama stage ya Muthurwa jioni, ni kimya kabisa.

Sema yale mwenzako hawezi kuona

Sheria ni moja: ongea tu kama una habari ambayo mwenzako hana. Mambo yenyewe si mengi:

- Unaingia piti kubadilisha matairi ama kuongeza mafuta. Sema kabla hujapunguza spidi, ndio wa nyuma asikupande.
- Umezunguka na gari imelala barabarani. Sema uko kona gani na upande gani, halafu kanyaga breki utulie. Gari iliyosimama ni rahisi kukwepa kuliko ile inajaribu kurudi kinyume.
- Gari yako imeharibika na unaenda polepole. Chagua upande mmoja, utaje, ukae hapo.
- Unataka kumpita msee ambaye ushamuacha raundi nzima. Mwambie unapitia kulia ama kushoto. Na kama ni wewe unapitwa, usiruke ruke ukidhani unamsaidia. Shika laini yako, yeye atatafuta njia.

Kwa lobi za kimataifa, lugha inayoeleweka na wengi ni Kizungu cha maneno mawili matatu: left, right, pit, sorry. Sheng iache kwa lobi ya maboyz. Tumia maneno yale yale kila wakati, na ukisema kushoto, iwe ni kushoto kwa yule unayemwambia.

Kama hauna maiki, si mwisho. Gran Turismo inakuruhusu kumulika taa kama dere wa mathree, na kwa iRacing unaweza kuandika ujumbe mapema na kuuweka kwa kitufe kimoja. Kuandika ukiwa spidi ni kujitafutia ukuta.

Mtaa wote uko hewani

Hapa ndipo wasee wengi huchoma. Padi ya PS5 ina maiki ndani yake. Haujavaa hedfoni, haujagusa kitu, na bado lobi nzima inaskia jirani akigombana, mziki wa mathree ikipita nje na mathe akikuita ukachukue unga. Kitufe kidogo katikati ya padi ndicho huizima. Taa yake ikiwaka rangi ya machungwa, umenyamaza.

Kama unatumia kompyuta, weka ile mtindo ya kubonyeza ndio uskike. Ukiachilia kitufe, maiki inakufa.

Wenye mnapiga stori na mabeshte kwa Discord, angalieni sana. Maiki ya gemu inaweza kuwa wazi wakati huo huo, na ile stori unadhani ni ya watu watatu inaskizwa na watu thelathini. Kuhusu bundles usiogope: chaneli ya kawaida ya Discord iko 64 kbps, na mtu akiongea saa nzima bila kunyamaza hiyo ni kama MB 29.

Kyle Larson alilipa bei

Unadhani ni mchezo? Tarehe 12 Aprili 2020, mbio za ukweli zikiwa zimesimama sababu ya corona, dereva wa NASCAR Kyle Larson alikuwa kwa shindano la iRacing. Akijaribu maiki, alidhani anaongea na mtu wake wa timu peke yake. Akatamka lile tusi la kibaguzi dhidi ya watu weusi. Chaneli ilikuwa ya kila mtu, na mechi ilikuwa inaonyeshwa laivu.

Ndani ya siku mbili, wadhamini kama McDonald's walikuwa wameondoka na timu yake, Chip Ganassi Racing, ikamfuta kazi. NASCAR na iRacing zote zilimsimamisha. Alirudi 2021 na timu ingine na akachukua ubingwa mwaka huo huo, lakini mwaka mzima ulikuwa umeenda. Na tusi si sawa hata kama chaneli ni ya watu wawili. Maiki ilifungua tu kile kilikuwa ndani.

Kumbuka pia iRacing hutumia majina halisi, si majina ya kujibandika. Ukimtusi dem ama mtoto wa mtu, ni jina lako linabaki kwa rekodi.

Ukigongwa, fanya hivi

Usifungue maiki. Kwa iRacing, mkigongana vibaya nyote wawili mnaongezewa pointi 4 za makosa, bila kujali nani alikosea, kwa hivyo kelele haikurudishii kitu. Maliza mbio, tazama marudio, na kama bado unaona ulionewa, kata hiyo klipu upeleke malalamiko yako rasmi. Mara nyingi ukitazama upya utaona ni pingi ama ni nyote mlikosea.

Na kama ni wewe ulimgonga, sema sorry mara moja, mngoje akupite, halafu muendelee na mbio. Wasee hukumbuka. Kesho mkipatana lobi hiyo hiyo, atakuachia nafasi kwa kona.