Virusi vya UKIMWI Vilitoka Wapi? Somo Kutoka kwa Sokwe wa Gombe



Wapendwa waamini, katika jumuiya zetu ndogo ndogo za Kikristo swali la asili ya UKIMWI bado huulizwa kwa sauti ya chini. Wapo wanaosema kwamba ni laana iliyotumwa juu ya wazinzi. Wapo wanaodai kwamba ulitengenezwa maabara ili kuwaangamiza Waafrika. Wapo pia wanaoligeuza jambo lote kuwa kejeli juu ya watu na nyani. Majibu ya namna hii yana madhara. Mgonjwa anayeaminishwa kuwa amelaaniwa huificha hali yake, huikwepa kliniki, na hatimaye huacha dawa. Ndiyo maana inafaa tuujue ukweli, hasa kwa kuwa sehemu muhimu ya ukweli huo imepatikana katika nchi yetu wenyewe.

Tuanze na wanyama tunaowafahamu. Tumbili, ambao wakulima wengi wanawajua kwa uharibifu wao mashambani, ni miongoni mwa zaidi ya aina 40 za nyani, kima na sokwe wa Afrika wanaobeba virusi vya ukoo mmoja na virusi vya UKIMWI (VVU). Kila aina ya mnyama ina virusi vyake. Tumbili huishi navyo kwa kawaida bila kuugua, kwa sababu miili yao imezoeana navyo kwa maelfu mengi ya miaka. Wala virusi vya tumbili havijaonekana kuwa chanzo cha UKIMWI kwa binadamu. Hakuna sababu, basi, ya kuwaua tumbili kwa hofu ya ugonjwa huu.

Kwa sokwe hali ni tofauti. Ukisafiri kwa Reli ya Kati kutoka Dodoma hadi mwisho wake Kigoma, kisha ukaelekea kaskazini kwa mashua katika Ziwa Tanganyika, utafika Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Hapo Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960, na uchunguzi huo umeendelea kwa miongo mingi, hata sokwe mmoja mmoja anajulikana kwa jina na kwa ukoo wake. Ili kupima virusi, watafiti hawakuwakamata wala kuwachoma sindano. Waliokota kinyesi na kukinga mkojo msituni, wakavipeleka maabara.

Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2009 yaliwashangaza wengi. Kati ya sokwe 94 waliofuatiliwa kwa miaka tisa, 17 walikuwa na virusi. Wenye virusi walikuwa katika hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao wa umri uleule wasio navyo. Majike walioambukizwa walizaa kwa shida, na vichanga vyao havikudumu. Katika mizoga iliyochunguzwa ilionekana kwamba chembe za kinga zilikuwa zimeharibiwa, kama inavyotokea kwa binadamu mwenye UKIMWI. Kabla ya hapo ilidhaniwa kwamba sokwe hubeba virusi hivyo bila kudhurika.

Sokwe nao walivipata wapi? Sokwe ni wawindaji: huwakamata kima na kuwala. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba virusi vyao ni mchanganyiko wa virusi vya aina tofauti za kima. Kwa maneno mengine, mlaji aliambukizwa na mawindo yake.

Binadamu alipita mlango huohuo. Virusi vya sokwe wa Gombe havijawahi kuonekana kwa binadamu. Ni binamu tu wa vile vyetu. VVU vilivyoenea duniani vinafanana zaidi na vile vya sokwe wa kusini-mashariki mwa Kamerun. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba katika miongo ya kwanza ya karne ya 20, au kabla yake kidogo, mwindaji au mchinjaji aliguswa na damu ya sokwe penye jeraha. Kutoka huko virusi vilifika Kinshasa, mji uliokuwa ukikua haraka, na kwa njia ya mito, reli na mienendo ya watu vikasambaa. Damu ya kale zaidi iliyopatikana na VVU ilichukuliwa Kinshasa mwaka 1959. Hapa Tanzania wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983.

Historia hii inajibu uvumi mwingi. Virusi vilikuwepo kabla binadamu hajawa na ujuzi wa kuvitengeneza. Vilevile dhana kwamba vilitokana na chanjo ya polio iliyotolewa Kongo katika miaka ya 1950 imekanushwa: VVU ni vya kale kuliko chanjo hiyo, na virusi vya sokwe wa eneo la Kisangani, waliotuhumiwa kutumika, ni vya tawi jingine. Mzazi asimnyime mtoto wake chanjo kwa sababu ya dhana hiyo.

Na je, ni laana? Wanafunzi walipomwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu (Yn 9), alikataa hesabu yao. Kanisa linaendelea kufundisha uaminifu katika ndoa na usafi wa moyo, na mafundisho hayo huokoa maisha. Lakini mtoto aliyezaliwa na virusi na mke mwaminifu aliyeambukizwa nyumbani kwake wana kosa gani? Ugonjwa ulioanza kwa jeraha la mtu aliyetafuta kitoweo hauwezi kuwa fimbo ya kumpigia jirani.

Kwa hiyo tutende yatupasayo. Tupime afya zetu. Dawa za kufubaza VVU zimekuwa zikitolewa bila malipo nchini tangu mwaka 2004. Anayezitumia kila siku hadi virusi visionekane tena katika vipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa tendo la ndoa, na mama mjamzito anayezitumia humkinga mtoto wake. Sala na dawa haviko vitani: anayeombewa na asiache kumeza dawa zake. Tusile wala kugusa mizoga tunayoikuta porini, na tusichinje nyamapori kwa mikono yenye majeraha. Tuilinde pia misitu, kama Papa Fransisko alivyotuhimiza katika Laudato Si' mwaka 2015. Sokwe wa Gombe nao ni viumbe wa Mungu, nao wanaugua.

Na pale mgonjwa atakapojitambulisha katika jumuiya yako, ndugu mwamini, mpe kiti karibu nawe.