Njooni na Swali, Picha Tutapiga Baadaye

Basi la shule likishaegesha mbele ya maktaba ya chuo, mwalimu wa msafara huniuliza kwanza pa kupigia picha. Simlaumu. Nani ameingia maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ile iliyojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa Novemba 2018, asitamani kupiga picha moja ya kuwaonyesha wa nyumbani? Lakini mimi ni mkutubi, nimezeekea kwenye kaunta za vyuo, na nimeona wanafunzi wengi mno wakipandishwa ghorofa na kushushwa, wakionyeshwa kompyuta, wakiambiwa "shiii", wakinunuliwa soda, kisha wakirudi shuleni bila hata mmoja wao kufungua kitabu. Hayo ni matembezi. Ufukweni wangefaidi zaidi.

Siku hizi barua ya shule ikinifikia najibu kwa sharti moja: waje na swali. Mada haitoshi. "Vita vya Majimaji" ni mada, na ukiingia nayo maktabani utatoka na kichwa kinachouma. "Ni watu wangapi walikufa katika Vita vya Majimaji, na tumejuaje?" Hilo ndilo swali.

Kidato cha Tano cha shule moja, tahasusi ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), walikuja na hilohilo. Binti mmoja akakaa kwenye kompyuta ya katalogi. Tukumbuke kwamba shuleni kwao simu ni marufuku, na kompyuta ziko chumba kinachofungwa kwa kufuli, kwa hiyo hata kutafuta herufi kwenye kibodi ilikuwa kazi. Akaandika swali zima kwa Kiingereza cha mtihani, pamoja na alama ya kuuliza. Jibu: hakuna kilichopatikana.

"Madam, hapa hamna vitabu vya Majimaji."

"Vipo, mwanangu. Hii mashine haisomi swali, inatafuta maneno. Punguza."

Akabakiza "Majimaji". Vikaja vichache. Nikamwambia aachanishe, "Maji Maji", kama wanavyoandika wengi wanaotumia Kiingereza, na orodha ikajaa skrini. Akajaribu "Kinjeketile": ikaja tamthilia ya Ebrahim Hussein ya 1969. Akabadili herufi moja, "Kinjikitile", wakaja wanahistoria. Mganga huyu wa Ngarambe, aliyewahamasisha wapiganaji wa Majimaji, anaandikwa kwa namna mbili, na asiyejua atadhani maktaba ina nusu tu ya vitabu ilivyonavyo. Tena Hussein mwenyewe alishaeleza kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni mtu wa kubuni, kwa hiyo mwanafunzi anayenukuu maneno ya tamthilia kama ushahidi wa historia ameingia rafu isiyo yake.

Kuhusu rafu nitasema kwa kifupi, maana ndiko wageni wanakopotea. Vyuo vikuu vingi vya kwetu hupanga vitabu kwa mfumo wa Library of Congress wa Marekani, unaoanza na herufi: DT ni historia ya Afrika, P ni lugha na fasihi, Q ni sayansi. Shule na maktaba za mikoa hutumia Dewey, ambao ni tarakimu: 960 ni historia ya Afrika, 967.8 ni Tanzania. Ile namba ya mgongoni mwa kitabu ni anwani ya nyumba. Na ukishafika kwenye nyumba uliyoitafuta, wapigie hodi na majirani wa kushoto na kulia, kwa sababu vitabu vya jambo moja hukaa pamoja. Mara nyingi kitabu kilichomfaa mtu ni kile ambacho hakukijua kabla ya kufika pale.

Mle kwenye DT walikipata kitabu cha John Iliffe cha 1979 kuhusu historia ya Tanganyika, kurasa zaidi ya 600. Kijana mmoja akafungua ukurasa wa kwanza, akatoa daftari, akaanza kunakili. Ndivyo walivyozoea kuandika notisi. Nikamfunulia yaliyomo, akaona kwamba Majimaji ina sura yake, ya sita. Nikamfunulia nyuma, kwenye faharasa. Miaka yote ya shule hakuwahi kuonyeshwa kwamba kurasa za mwisho za kitabu zina kazi. Ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha kumfundisha mwanafunzi wa sekondari, ningechagua faharasa, na jengo lote lingebaki bila kutembelewa.

Zogo lilianza walipofikia idadi. Makadirio ya serikali ya kikoloni ya Wajerumani yalikuwa vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. "Madam, ya mtihani ni ipi?" Nikawarudishia: nani alihesabu, lini, na alikuwa na sababu gani ya kupunguza au kuongeza? Je, amewahesabu waliouawa vitani tu, au na waliokufa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa? Walibishana mpaka msomaji wa meza ya jirani akaja kulalamika. Nilimwomba radhi, ila sikuwanyamazisha haraka.

Kisha nikawaletea kijitabu chembamba cha kumbukumbu za Majimaji kilichohaririwa na Gwassa na Iliffe, nikawasimulia habari ya 1968. Mwaka huo wanafunzi wa historia wa chuo cha Dar es Salaam walikwenda maeneo yaliyopigana, wakawahoji wazee waliokuwa bado wanaikumbuka vita ya 1905 hadi 1907. Mengi tunayoyajua leo kwa sauti ya wenyeji yametokana na daftari za vijana wale. Hawa wangu wakatazamana. Walikuwa wanadhani utafiti ni kazi ya maprofesa.

Marejeo tuliyamaliza upesi: kabla hujafunga kitabu, andika mwandishi, mwaka, jina la kitabu, mchapishaji na ukurasa. Intaneti nayo huulizwa yaleyale: nani kasema, lini, amejuaje. Programu za akili unde zinajibu kwa ufasaha wa kutisha, na wakati mwingine hukutajia kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa. Dawa yake ni kulitafuta jina hilo kwenye katalogi. Wanafunzi huipenda sana kazi hiyo, ya kuiumbua mashine.

Kwa walimu, basi zima la wanafunzi ni wengi mno kwa mkutubi mmoja. Leteni darasa moja, mkae nusu siku, na msije wiki za mitihani ya chuo. Mwenye shule ya mbali asisubiri nauli ya Dar. Mwalimu wa Songea ana maktaba ya mkoa na Makumbusho ya Majimaji mjini kwake, na ana wajukuu wa waliopigana wanaoishi mitaa ileile. Awatume wanafunzi wawili wawili na daftari, waandike jina la mzee, kijiji, tarehe, na kila anapotaja jambo wamuulize kwa adabu alilisikia kwa nani.