Anza na mlango, namba baadaye

Tazama mabehewa mawili ya mizigo ya Lionel, treni za kuchezea za Marekani, yaliyopakwa rangi za reli ya Western Pacific. Yote ni ya rangi ya machungwa, yote yamechorwa unyoya mrefu wa bluu ubavuni. Moja lina namba 6464-100 na lilitoka mwaka 1954. La pili, 6464-250, lilitoka 1966. Asiyejua atasema ni pacha. Mkusanyaji anajua kwamba la kwanza ni adimu na bei yake iko juu sana.

Tatizo ni kwamba namba ni wino tu, na wino hufutika. Ndiyo maana mzoefu huanza na mlango. Milango ya mwanzo ya mabehewa ya mfululizo huu wa 6464 ilikuwa na kibao kimoja kikubwa kilichochomoza. Katikati ya miaka ya 1950 kiwanda, huko New Jersey, kikahamia kwenye milango yenye vibao vidogo kadhaa. Behewa linalodai kuwa la 1954 huku likiwa na mlango wa vibao vingi, lihojiwe.

Mlango nao huweza kubadilishwa, kwa hiyo hesabu ribiti za bodi. Kalibu ya bodi ilirekebishwa mara kadhaa, baadhi ya mistari ya ribiti ikakatwa ili maandishi yapate nafasi, na kwa alama hizo wakusanyaji wameyagawa mabodi kuanzia aina ya I hadi ya IV. Huu ndio ushahidi ninaouamini kuliko wote, kwa sababu ulizaliwa pamoja na plastiki yenyewe. Magurudumu nayapa uzito mdogo: fremu zake za chuma zilianza kupisha za plastiki mwaka 1957, lakini kuzibadilisha ni kazi ya dakika chache. Afadhali ufungue skrubu uchungulie ndani, uone plastiki ilikuwa ya rangi gani kabla ya kupakwa.

Kuna mahali ribiti hazisaidii. Behewa la 6464-1 la mwaka 1953 ni la rangi ya fedha lenye maandishi ya bluu, ila machache yalitoka na maandishi mekundu, na hayo ndiyo yanayosakwa. Bodi ni ileile, mlango ni uleule. Hapo shika kioo cha kukuzia, upitie herufi moja moja ukitafuta mikwaruzo kwenye rangi ya fedha na mabaki ya bluu pembeni mwa nyekundu.