Zumaridi: Jina, Jiwe na Itikadi

Makala haya yanakusudia kulichunguza neno zumaridi kwa kuzingatia jiwe lenyewe, historia yake na itikadi zilizolizunguka, ili kubainisha tatizo moja la istilahi.

Kimaumbile, zumaridi ni aina ya madini yaitwayo berili. Ukijani wake hutokana na chembe za kromiamu au vanadiamu, na ugumu wake ni kati ya 7.5 na 8 katika kipimo cha Mohs. Ni nadra kupata zumaridi isiyo na nyufa wala dosari ndani.

Kiswahili kililipokea neno hili kutoka Kiarabu, zumurrud, ambalo nalo linatokana na smaragdos la Kiyunani. Hapo kale maana yake ilikuwa pana. Plinio, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, alitaja aina 12 za smaragdus, ambazo baadhi yake ni mawe mengine kabisa. Jina lilifuata rangi, si madini.

Itikadi nazo hazikukosekana. Iliaminiwa kwamba nyoka akiitazama zumaridi macho yake hupasuka. Al-Biruni, mwanachuoni wa karne ya 11, hakutosheka na masimulizi. Alifanya majaribio kwa nyoka wenyewe, na macho yao yakabaki salama.

Mwaka 1967 mjiolojia Campbell Bridges aligundua huko Tanzania jiwe jingine la kijani, ambalo baadaye alilipata pia Taita, nchini Kenya. Mwaka 1974 kampuni ya Tiffany ya New York ililipa jina linalotokana na Tsavo. Jiwe hili ni ganeti, wala si berili.

Je, nalo liitwe zumaridi? Msemaji anayefuata rangi atakubali, na historia ya neno itamwunga mkono. Lakini soko hutofautisha mawe haya mawili, na mchimbaji asiye na jina mahsusi la mali yake hana msingi wa kudai bei yake. Kwa hiyo yafaa zumaridi libaki jina la berili ya kijani, na ganeti hii iitwe tsavoriti. Ni kweli kwamba jina hilo lilibuniwa ng'ambo. Hata hivyo, shina lake ni la Kenya, na kulitohoa ni kulirudisha kwao.